Kizunguzungu Ambacho Sikukiripoti

Jumatatu, tarehe 4

Siku ya sita tangu nianze dawa mpya ya presha. Nimechoka. Si uchovu wa kazi, kwani nilistaafu ualimu wa jiografia miaka tisa iliyopita. Ni uchovu wa kusimama. Nikiinuka kitini, sakafu inakwenda kushoto, kabati linakwenda kulia, na mimi nabaki katikati nimeshika hewa.

Kisayansi ni jambo jepesi. Dawa inashusha presha. Mtu akisimama ghafla, damu inachelewa kupanda kichwani, kama maji yanavyochelewa kufika ghorofa ya tatu. Nilikuwa najieleza hivyo, tena vizuri sana, nikaangukia kapu la nguo chafu.

Niripoti? Thubutu! Mwezi uliopita niliteleza bafuni, na binti yangu mkubwa akatoa hukumu palepale: nikianguka tena, nafunga nyumba na kuhamia kwake. Kwake maana yake ni chumba cha kushonea, mimi na cherehani, na mkwe anayefungulia redio mbili kwa wakati mmoja. Hapa nimeishi miaka thelathini. Mke wangu alifia hapa. Sitolewi na kidonge kidogo kuliko punje ya mahindi.

Binti ameniachia daftari lenye safu nne: tarehe, saa niliyomeza, presha, nilivyojisikia. Nimelijaza lote leo, mpaka Jumapili. Mwalimu makini haandai somo asubuhi ya somo. "Safi." "Safi kabisa." Alhamisi nimeandika "Safi, ila usingizi kidogo", ili lisionekane la kubuni.

Jumanne, tarehe 5

Mpango: kutosimama mbele ya watu. Asiyesimama ataangukaje?

Saa nne jirani akaja kwenye uzio. Ni karani mstaafu, mtaa mzima unamwita Mzee Mhuri. Anameza dawa kama yangu, na kila siku tunalinganisha presha kama wazazi wanavyolinganisha matokeo ya watoto. Akatangaza 130 kwa 80. Nikamwambia mimi 128. Akanuna. Kisha akauliza mbona leo namsalimia nikiwa nimekalia ndoo. Nikasema ni zoezi la mgongo.

Nikamzungushia swali: hivi hii dawa haimsumbui? Akacheka mpaka akashika uzio. Akasema mwili wake ni chuma, anameza na kwenda zake, wanaolegea ni walimu, waliozoea kukaa wakiandika ubaoni. Kukaa! Nani duniani huandika ubaoni amekaa? Nilitaka kuinuka nimwelimishe. Nikakumbuka hali yangu. Nikabaki kwenye ndoo, nimeshindwa kwa hoja ambayo ni yangu kabisa.

Jumatano, tarehe 6

Nimesoma karatasi iliyomo kwenye boksi la dawa. Herufi za sisimizi. Nimetumia lenzi yangu ya ramani. Imeandikwa: kizunguzungu kinaweza kutokea, hasa siku za mwanzo. Mgonjwa ainuke polepole. Amweleze daktari au mfamasia. Asiache dawa kwa uamuzi wake.

Maelezo mazuri kwa mgonjwa wa kawaida.

Mimi nimefikiri zaidi. Binti anakuja kesho saa sita. Nisipomeza leo na kesho, atakuta baba amesimama wima kama nguzo ya umeme. Ijumaa nitaendelea na dawa kama kawaida. Hiyo si kuacha. Ni likizo.

Alhamisi, tarehe 7

Hakuna kizunguzungu! Nilimpokea mlangoni kwa miguu yangu. Nikachemsha chai. Nikapanda kiti kubadilisha balbu ambayo haijaungua. Binti akasema leo baba una nguvu za ajabu. Nikasema ndiyo matunda ya nidhamu.

Akatoa mashine yake ya presha. Nilikuwa nimeisahau mashine. 178 kwa 104. Akapima mkono wa pili. Ileile, na ziada kidogo.

Akafungua daftari. Kisha akasoma kwa sauti kwamba leo saa nane mchana presha yangu ilikuwa 126. Akatazama saa ya ukutani. Saa sita na robo. Akafunua ukurasa. Akaniuliza: "Baba, Jumapili umeshaimaliza?"

Nikamweleza kuhusu maandalio ya masomo. Hakutaka elimu. Alitaka viatu vyangu.

Kliniki. Daktari ni dada mmoja mpole, umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Akatazama vipimo, akatikisa kichwa. Akasema basi dozi hii haitoshi, ataiongeza mara mbili. Akachukua kalamu.

Mara mbili! Kama moja iliniangusha kwenye kapu, mbili zitanifikisha wapi? Niliona kapu. Niliona cherehani. Kalamu ilishagusa karatasi. Nikasema subiri, mwanangu.

Nikatoa yote. Sakafu, kapu, ndoo, likizo. Binti alitazama dirisha muda wote.

Daktari hakugomba, na hilo liliniumiza zaidi. Aliuliza tu: kilianza siku gani, nikiwa nafanya nini, kilidumu muda gani. Akasema hayo ndiyo maswali ya daftari, na ningepiga simu siku ya kwanza angebadilisha dawa siku hiyohiyo. Kumwongezea dozi mtu anayeanguka, akasema, kungeweza kunivunja nyonga. Amenipa dawa nyingine. Akanionya kwamba hii huvimbisha miguu kwa baadhi ya watu. Ikitokea, nisiache, nipige simu. Mazungumzo yote yalichukua dakika nne.

Binti akanirudisha nyumbani. Mlangoni akasema: "Baba, ungeanguka kwa sababu ya dawa ningebadilisha dawa. Mimi sikuogopa kuanguka kwako. Niliogopa usije ukaanguka nisijue." Kisha akaniachia hukumu mpya: nikificha tena chochote, gari la mizigo linakuja.

Ni haki. Nimekubali kwa moyo mmoja.

Jumanne, tarehe 19

Kizunguzungu kimekwisha. Presha 132, ya kweli. Mzee Mhuri amekiri mwenyewe kwamba dawa ile ilimshinda tangu mwaka jana, akabadilishiwa. Chuma kumbe kilishika kutu. Nimefurahi siku nzima.

Jambo moja dogo. Miguu. Tangu Ijumaa vifundo havionekani, na soksi zinaacha mfereji ambao ningeweza kuufundishia darasa. Nimelichunguza kitaalamu. Maji hushuka chini. Miguu ipo chini. Hakuna cha kumsumbulia daktari.

Binti anakuja kesho. Nimepanga vizuri safari hii. Atanikuta kitandani, shuka mpaka kidevuni, na nitasema nina mafua. Mafua hayajawahi kumhamisha mtu. Nimeshafanya mazoezi ya kupiga chafya, natoa tatu mfululizo bila shida. Akiniletea dawa ya mafua nitaimeza mbele yake, mbili mbili, aone kwamba siku hizi baba yake hafichi kitu.