Suti ya Bandi kwa Fimbo ya Mkoko

Shemeji hakuwa shemeji wa mtu. Jina hilo alilipata kwa sababu yeye humwita hivyo kila mwenye kitu anachokitamani, na watu, sijui kwa nini, huona haya kumnyima shemeji.

Asubuhi hiyo alichokitamani kilikuwa suti ya kijivu iliyotundikwa dukani kwa fundi cherehani. Yake ilikuwa imepasuka makalioni, na mchana alikuwa na miadi ya kumuuzia mwenye nyumba mmoja kiwanja ambacho hakipo. Kiwanja kilichopo hata mwenye kaptula anaweza kukiuza; kisichokuwepo kinataka suti.

Akamkuta fundi, mwanamke mpole mwenye futikamba shingoni, kainamia tangi la samaki kando ya cherehani.

"Shemeji, mbona huzuni hivyo?"

"Kambare wangu. Hawa wa aina hii hukwangua mti kutwa kucha, ndiyo chakula chao. Gogo lao limekwisha, natafuta jingine."

Shemeji akachomoka hadi nyuma ya karakana ya seremala, akarudi na mguu wa kiti alioupaka matope.

"Nimeliokota mtoni, shemeji. Gogo hili limesafiri kuliko mimi na wewe."

Fundi hakubisha. Alilinusa, akalikwaruza kwa ukucha, kisha akalitia kwenye beseni la maji. Likaelea kama bata.

"Linaelea, shemeji."

"Geni hilo. Bado halijayazoea maji."

"Na hii vanishi?"

"Ah, mtoni siku hizi kuna kila kitu."

Fundi akacheka kidogo. "Kambare wangu wakilikwangua hili, jioni wataelea wao. Nataka mti mgumu, usio na rangi wala utomvu, unaozama wenyewe." Macho yake yakatua kwenye fimbo ya Shemeji: mzizi wa mkoko, mweusi, uliolainishwa na viganja tu. Fimbo hiyo ndiyo iliyompa Shemeji sura ya mtu mwenye mashamba. "Kama hiyo. Hebu."

Akaitia majini. Ikazama kama jiwe.

"Shemeji, hiyo ni ya marehemu babu!" Kweli ilikuwa ya marehemu, ingawa si wa kwao.

"Basi niachie, uchukue suti ile unayoitolea macho. Ila nakwambia mapema, shemeji, ile ni bandi."

Shemeji hakujua bandi ni nini, lakini katika kazi yake kuuliza ni kufilisika. "Bandi! Mimi toka lini nikavaa isiyo bandi?"

"Umenisikia lakini? Bandi tupu, kuanzia mabegani."

"Hadi mabegani! Fundi, wewe ni hatari."

Mwenye nyumba alikuwa akimngoja kando ya barabara, bahasha nene kwapani. Shemeji akanyoosha mkono kumwonyesha mpaka wa kiwanja, kule kwenye vichaka. Bega likalia trrr, mkono wa koti ukateremka hadi vidoleni, ukaanguka. Alipoinama kuuokota, suruali nayo ikajigawa kulia na kushoto, kwa haki kabisa.

Mafundi wanaijua bandi: ni ile mishono mirefu ya kushikiza kitambaa kwa muda, kabla cherehani haijapita.

Mwenye nyumba akaisukuma bahasha ndani ya shati, akafunga na kifungo.

"Ndugu yangu, kama koti lenyewe bado halijashonwa, hicho kiwanja kimepimwa kweli?"