Neno "Left" Lilivyomvua Bibi Harusi Shela

Ndugu Mhariri wa Kamusi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umezungukwa na maneno yenye adabu. Mimi ni fundi wa makochi, na pia mjomba wa bibi harusi wa Jumamosi iliyopita. Nakuomba kwa heshima ulifute neno left katika kamusi yako, kwa sababu zifuatazo:

1. Asubuhi ya harusi, dada wa bwana harusi, msichana wa chuo asiyeandika ila Kiingereza, alinitumia ujumbe kutoka kwao: "He left." Watu wote wakanigeukia, maana mwenye kamusi ni mimi. Nikafungua, nikatangaza, "Bwana harusi yuko kushoto." Wakatazama kushoto. Palikuwa na spika.

2. Kusoma mbele, naambiwa left ni leave ya jana. Kwa nini? Kiswahili huvipa vitenzi vyote -li- bila upendeleo: alilia, alikimbia, alianguka. Hiki chenu kinalala leave, kinaamka left, kama mwizi aliyebadili shati. Maana zake: kuondoka, kuacha, likizo. Nikachagua kuacha. Shangazi mtu akapiga ukelele, "Mwanangu kaachwa hata hajaolewa!" Akamvua bibi harusi shela.

3. Nikamwandikia yule msichana: "Nani kabaki huko?" Akajibu: "Only cake left." Nikatafsiri: "Keki tu imeondoka." Baba wa binti akashika kiuno. "Yaani katoroka na keki?" Leo ndipo naelezwa kwamba keki ndiyo iliyobaki! Ndugu Mhariri, neno moja linaondokaje na kubaki kwa pamoja?

4. Bwana harusi, aliyekuwa ameondoka kwao mapema kama mtu mwema, alipofika alimkuta mchumba wake amejiinamia jikoni, kope za bandia zimehamia shavuni. "Nimekosa nini?" akauliza. "Ulizia keki yako!" binti akafoka. Ikabidi apige magoti na suti yake nyeupe, aape mbele ya wapishi kwamba hajamwacha wala hatamwacha. Binti akacheka huku machozi yakimtoka, na shela likarudi kichwani.

Basi left lifutwe, leave lifuate, na ikibidi wakati uliopita wote wa Kiingereza, mpaka wenyewe wajifunze kunyooka kama sisi, ambao neno letu halina kona.

Nisalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, na hasa mgundisha majalada: kamusi niliibamiza ukutani, haikuachia hata ukurasa.

Wako katika sarufi,
Mjomba Mtu

N.B. Nilipotoka kununua bahasha, mama mkwe wangu alinipigia simu kuuliza hali ya binti yake, yaani mke wangu. Nikamjibu, "Nimemwacha, mama." Simu ikakatika. Nilikuwa na maana nimemwacha nyumbani. Sasa wakwe wamejaa sebuleni, mke wangu anafunga sanduku, nami naandika nikiwa nyuma ya kochi la mteja. Hilo neno left liacheni tu. Yaani libakisheni. Yaani msiliondoe!