Bomba Langu Halifukiwi

Jumanne, 20 Juni

Bomba limeganda tena! Asubuhi nzima nimesimama uani nikifungua koki, nayo inakohoa tu. Mke wangu Basilia anasema kilichoganda si bomba, ni kichwa changu: hapa El Alto, juu kwenye milima ya Bolivia ambako Juni ni kipupwe, kila mwenye akili amefukia bomba lake kina cha kiuno, mimi peke yangu nimelipitisha juu ya ukuta. Nikamjibu kuchimba ni kazi ya fuko. Akasema mbona mkwe wetu Hilarión, baba wa mume wa binti yetu, alichimba mwenyewe na uzee wake wote. Hilarión! Jina hilo likitajwa, chai inanichachia mdomoni.

Kisha binti yetu Yovana akaja na onyo. Jumamosi mjukuu wangu Nayra anakatwa nywele za kwanza. Nimeshatangaza mtaa mzima kwamba sherehe ni kwangu. Sasa Yovana anasema wageni hawapikiwi supu ya barafu. Nisipokuwa na maji kufikia Ijumaa, sherehe inahamia kwa Hilarión. Ng'ambo ya ukuta! Nitasikia tarumbeta zao nikiwa kitandani. Haiwezekani.

Jumatano, 21 Juni

Nimepata dawa. Moshi! Marehemu baba alifukiza shamba lake ili baridi isiunguze mimea. Jana jioni nikawasha samadi ya llama chini ya ukuta, moshi ukatanda ua mzima. Asubuhi maji yakatoka! Nikacheza. Nikamwita Basilia naye aje acheze.

Hakucheza. Nilisahau viazi vyake. Ameanika gunia zima uani vigande, avikanyage, avikaushe, tupate chuño ya mwaka mzima. Ndiyo maana mwezi huu yeye anaomba baridi na mimi naomba joto, Mungu mmoja, kitanda kimoja. Baridi haikuvifikia. Vimelainika, vinanuka. Akaniambia kama nimeweza kuifukuza baridi ya Mungu, basi nikaifukuze na njaa. Moshi umepigwa marufuku. Kwangu mwenyewe!

Alhamisi, 22 Juni

Baridi imerudi kwa kisasi. Usiku niliacha koki ikidondoka, maji yanayotembea hayagandi, na bomba nikalivisha nguo. Nguo gani? Zilizokuwa sandukuni: sketi tatu za marinda za Basilia, nzito, nzuri. Nani alijua kiungio kinavuja? Sketi zimelowa, sketi zimeganda. Nimezivua ukutani zikasimama wima uani zenyewe. Hilarión akachungulia juu ya ukuta, akauliza: Mkwe, hawa kina mama ndio wageni wa Jumamosi, mbona wamewahi hivi? Nikamwambia atazame kwake. Basilia hasemi na mimi. Hizo ndizo alizopanga kuvaa kwenye sherehe.

Bomba? Limeganda.

Ijumaa, 23 Juni

Siku ya mwisho. Kubembeleza basi! Nikafunga majani makavu kwenye fimbo, nikawasha, nikapitisha moto chini ya bomba. Hilarión akapiga kelele kutoka kwake: Mkwe, hiyo ni plastiki! Tumia kitambaa na maji ya uvuguvugu, polepole! Wivu. Nilijua ni wivu. Nikasogeza moto karibu zaidi.

Bomba likalegea, likainama, likapasuka. Maji yalikuja, siwezi kukataa: usoni, shingoni, ndani ya viatu. Wakati huohuo Yovana akaingia. Hakunifokea. Alinitazama tu, akamchukua mama yake, masufuria na nyama ya kondoo, wakaenda ng'ambo. Heri angenifokea. Nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikitetemeka, hasira na baridi pamoja.

Jumamosi, 24 Juni

Wageni wote kwa Hilarión. Mimi, babu mzaa mama, nimebebeshwa ndoo kutoka bomba lake hadi jikoni kwake! Bomba lake ambalo halijawahi kuganda, na kila mgeni amesimuliwa habari zake. Basilia amevaa sketi ya kuazima. Ya mke wa Hilarión!

Nayra alipouona mkasi akalia, akapita watu wote, akanikimbilia mimi. Amekaa pajani kwangu huku kila mgeni, kama ilivyo desturi, akimkata kishungi kimoja. Kwangu! Si kwa yule. Kidogo nilie. Halafu Hilarión akaharibu kila kitu: akasimama mbele ya watu, akatangaza kwamba kesho wanaume wote watakuja kunichimbia mtaro.

Jumapili, 25 Juni

Wamekuja. Sururu, sepetu, vicheko. Kufikia mchana mtaro tayari, kina cha kiuno, umenyooka kutoka barabarani hadi jikoni. Hilarión ameleta bomba jipya, akanishika bega: Mkwe, wewe ni kulilaza na kufukia tu. Hilo hata wewe huwezi kulikosea. Hata mimi! Basilia akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatano.

Wameondoka. Nimeutazama mtaro. Mzuri mno kuufukia. Mle ndani mtu anaweza kuhifadhi viazi. Na bomba? Nikainua macho. Paani! Jua la asubuhi hupiga bati langu kabla ya bati la Hilarión. Kwa nini hakuna aliyewahi kufikiri hivyo?

Ngazi nimeazima kwa Hilarión. Sikumwambia ya nini.