Umeme Bila Kelele, Makambi ya Gesima

Jumatano, 20 Agosti

Mtambo umefika! Binamu yangu Cleophas, fundi Nairobi, ameniazima. Unakula haidrojeni kutoka kwa mtungi, unapumua hewa, unatoa umeme na maji. Kimya kabisa. Kwenye makambi ya kanisa mwaka jana jenereta ya jirani yetu Gibson ilinguruma hadi kwaya ya mke wangu Drusilla ikaonekana midomo tu. Alilia njia yote ya kurudi nyumbani. Sabato hii Gesima yote itamsikia. Nimemwahidi. Mimi, niliyefika mpaka Kampala!

Jioni nimejaribu. Taa ikawaka, halafu ikafifia kama mtu aliyelala njaa. Nikafungua mtambo. Zile karatasi nyeusi za kaboni, zenye vitundu vya kuingiza hewa na kutoa maji, zimelowa chapachapa. Cleophas akasema kwa simu nisiguse kitu, niongeze kasi ya feni kidogo, maji yatatoka yenyewe. Kidogo! Mimi ni mtu wa kidogo?

Alhamisi, 21 Agosti

Nimeanika karatasi juu ya meko, pamoja na ule utando unaokaa katikati yake. Vyote vikakauka kama mahindi ya mbegu. Nikaunga mtambo tena. Giza! Cleophas akauliza nani amefungua. Nikasema Gibson. Akasema utando lazima ubaki na unyevu, la sivyo umeme hakuna. Ukilowa shida, ukikauka shida. Huu si mtambo, huu ni mama mkwe.

Nikaufukiza utando kwa mvuke wa sufuria ya ndizi. Ukafufuka! Drusilla akasema, Baba Kerubo, hizo ndizi bado mbichi na watoto wana njaa. Nikamwambia sayansi haina haraka. Akanipa ndizi mbichi.

Ijumaa, 22 Agosti

Taa imefifia tena. Maji tena! Gibson akapita getini akauliza kama injinia anapika umeme au supu. Wivu.

Ndipo nikaona mvua ikidondoka juu ya jani la nduma. Matone yanateleza, jani kavu! Nikaelewa kila kitu: nta! Nikakimbia kwa Haron, mchonga mawe ya sabuni, nikaomba nta anayong'arishia vinyago. Nimepaka karatasi pande zote mbili, bila uchoyo. Zinang'aa kama vifaru wake wa mawe dukani.

Nilipomaliza kuunga, jua likazama. Sabato imeingia. Drusilla akasema spana chini, hakuna kujaribu kitu. Sawa tu. Kazi yangu haihitaji kujaribiwa.

Sabato, 23 Agosti

Spika ilitoa maneno mawili ya wimbo, ikakata roho.

Mzee wa kanisa, Ogoti, akamgeukia Gibson. Gibson akasema alisahau kununua petroli jana. Na leo Sabato, mbele ya Ogoti, nani athubutu kwenda kununua? Mvua nayo ikaanza kupiga turubai. Waliokaa nyuma wakaanza kuongea habari za majani chai. Drusilla akanitazama. Nyasae, Mungu wangu, yale macho!

Nikapanda benchi katikati ya hema. Kila mstari aliouimba, niliurudia kwa kelele kwa walio nyuma. Sauti yangu si ya kuimba, ni ya kuita ng'ombe. Watu wakacheka, mchungaji akajificha nyuma ya Biblia. Drusilla naye akacheka, akavuta pumzi, akaimba kwa kifua chote. Wa nyuma wakaacha chai, wakaitikia.

Mama Esnah, wa mstari wa mwisho, alikuja kumshika Drusilla mkono, akamwambia amesikia kila neno. Mwaka huu Drusilla hakulia. Kunipakulia chakula pia hakunipakulia.

Jumapili, 24 Agosti

Nimemweleza Cleophas kwa sauti iliyobaki. Akasema nta imeziba vitundu vyote, maji hayatoki, hewa haiingii, na nisiguse tena hata skrubu moja mpaka aje kuchukua mtambo wake mwezi ujao.

Nimemsikiliza kwa makini. Amenisaidia sana. Sasa kosa nimeliona: nilipaka mara moja tu.

Harusi ya binti wa mzee Anyona, kule Nyamache, ni wiki ijayo. Nimeshamwambia mzee asikodi jenereta. Safari hii napaka mara tatu.