Nadharia Yangu ya Jazi na Hip-hop, na Hujuma za Akina Mama

Jumapili, 12 Oktoba

Tumekubaliwa! Yaani hatujakataliwa. Boniface, Mkongo anayepanga muziki katika mgahawa mmoja mjini D.C., ametupa nafasi ya majaribio Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri. Tukimridhisha, tutapiga pale kila mwezi. Tusipomridhisha, atachukua bendi nyingine, na historia itabaki na pengo.

Bendi ina watu wanne. Leokadia, muuguzi, anapuliza saksafoni. Kipngetich, anayepakua makontena katika ghala moja kule Landover, anapiga dramu. Wayne, mwenye miaka kumi na tisa, aliyezaliwa hapahapa Maryland kwa wazazi Wakenya, anarapu. Nami ndimi mwenye fikra. Sipigi chombo chochote. Jambo hili limewahi kuzua maswali. Nimejibu daima kwamba msanifu wa jengo habebi matofali.

Fikra yenyewe ni hii: mpaka kati ya jazi na hip-hop haupo. Uliwekwa na wauza santuri ili wajue wazipange wapi. Kuufuta hadharani kunahitaji utangulizi. Nimekwisha kuuandika. Kurasa kumi na nane, bila tanbihi. Nitausoma kabla ya wimbo wa kwanza.

Nilimpigia Boniface kumweleza. Alisubiri hadi nimalize aya ya kwanza. Kisha akasema, "Mukubwa, miye sitaki teze. Miye nataka batu."

Hataki tasnifu; anataka watu. Kiti kitupu, aliongeza, hakiagizi chakula. Mfanyabiashara!

Jumanne, 14 Oktoba

Mazoezi, katika ukumbi wa kanisa la Kipngetich, Landover. Baridi. Chai ya kwenye chupa. Ugomvi.

Nilimletea Wayne mashairi mapya, kazi ya wiki mbili. Yanaanza: "Ewe ukinzani wa midundo, usanisi wa nyakati!" Aliyasoma yote, nakiri, tena kwa makini. Akauliza kwa Kiingereza kama haya ni maelezo ya kutumia dawa. Leokadia akacheka hadi akauweka mdomo wa saksafoni kando. Muuguzi mzima!

Nikamwambia Wayne kwamba anakielewa Kiswahili chote, neno kwa neno, ila anajibu Kiingereza kwa uvivu. Akajibu, kwa Kiingereza, kwamba si uvivu. Kwamba Kiswahili nyumbani kwao ni lugha ya kugombezewa, na akifungua kinywa kukisema anajisikia mtoto aliyevunja sahani. Hoja dhaifu. Niliibomoa kwa vipengele vinne. Alivaa vipokea sauti masikioni nilipofika cha pili.

Kisha likaja suala la utangulizi. Kipngetich si mtu wa maneno mengi. Aliweka fimbo zake za dramu juu ya goti na kutamka hukumu: "Dakika mbili, Laurean. Zikiisha nahesabu mpaka nne, tunaanza. Na ukituharibia hii nafasi, buda, utajitafutia bendi ingine."

Wengine wawili wakaitikia kwa kichwa. Kura tatu kwa moja. Demokrasia ina kasoro zake, na wenye hekima walishaziandika tangu kale.

Nilikubali. Kukubali si kuafiki.

Alhamisi, 16 Oktoba

Hadhira. Nimewaandikia wasomi wote ninaowafahamu: wahadhiri wangu wa College Park, maofisa wawili wa ubalozi, na bwana mmoja aliyewahi kunisifia makala. Wahadhiri wako safarini. Maofisa wana mkutano, Jumamosi! Bwana aliyenisifu ameniomba nimkumbushe mimi ni nani.

Jioni nikajishusha. Nilimwendea mama mdogo Flaviana, ambaye naishi chumba cha chini cha nyumba yake hapa Germantown, kwa muda tu, tangu nilipohitimu mwaka juzi. Mama mdogo ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, Watanzania kwa Wakenya, Wakristo kwa Waislamu. Kikundi hicho huozesha watu, hupokea watoto wachanga na kusafirisha maiti. Nilimfafanulia nadharia yangu kwa nusu saa huku akimenya ndizi. Akauliza maswali mawili tu. Je, jukwaani kutakuwa na watoto wetu? Nikasema watakuwapo. Je, kipaza sauti kipo? Nikasema kipo.

"Basi hiyo ni shughuli," akasema, na kuchukua simu.

Nilipomaliza kuosha vyombo, simu ile ilikuwa ikilia mfululizo kama kuku anayetaga. Wanakuja! Wote!

Nalala nikijipongeza. Boniface atapata watu wake. Nami nitapata kitu adimu zaidi: akina mama waliozoea mahubiri. Mtu aliyevumilia ibada ya Pasaka tangu asubuhi hadi adhuhuri hawezi kuogopa kurasa kumi na nane.

Jumapili, 19 Oktoba

Maafa.

Nilikwenda kwenye kikao cha kikundi, kule Landover, kuwafundisha adabu ya kusikiliza jazi. Nilikuwa nimeandaa kanuni. Mtu hakai akiongea. Mtu hupiga makofi baada ya mpiga chombo kumaliza zamu yake, kwa kiasi. Vigelegele, hapana.

Hakuna aliyenisikia. Walikuwa wakikata kitenge. Sare! Rangi ya chungwa, yenye tausi wa kijani, kila tausi mkubwa kuliko trei. Nikauliza sare ya nini. Mumbi, mama yake Wayne, anayelea wazee katika nyumba ya kuwatunza, akaniuliza kama nilitaka waje uchi.

Likafuata lililo baya zaidi. Wanapanga kututunza. Ndiyo. Watatoka vitini wakicheza kwa mstari, mmoja mmoja, wakiwabandika wanamuziki noti za dola kwenye paji la uso. Katika mgahawa wa jazi! Nikaeleza kwa utulivu kwamba hii si harusi. Kwamba jazi ilitoka zamani kwenye vumbi la dansi na kuingia katika tafakuri. Kwamba mpiga saksafoni akiwa katikati ya fikra haguswi, kama vile mpasuaji haguswi.

Mama mdogo aliweka mkasi chini. "Hata msibani watu hutoa rambirambi, baba," akasema. "Huo muziki wako umekosa nini usipewe kitu?"

Wakacheka wote. Nilijibu kwamba swali hilo limejengwa juu ya ulinganisho batili. Wakanipa sambusa.

Kurudi nyumbani kulichukua milele. Kulikuwa na mechi uwanja wa Landover, na barabara nzima ilijaa watu waliovaa jezi zinazofanana. Binadamu hawawezi kukusanyika bila sare. Nimeandika tanbihi kuhusu hilo. Utangulizi sasa una tanbihi.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimechukua hatua.

Hatua ya kwanza: nimetuma ujumbe kwenye kundi lao la simu, kwa Kiswahili cha kiofisi, kuwaarifu kwamba kanuni za kuzuia moto haziruhusu mtu kusogelea jukwaa. Nilibuni kanuni hiyo mwenyewe, lakini kwa nia njema. Wameusoma. Wameuelewa. Wamenishukuru. Wameunda kamati ndogo ya usalama, na Mumbi ndiye atakayeongoza mstari ili pasitokee msongamano.

Hatua ya pili ni ya kijeshi. Nimetafakari hukumu ya Kipngetich. Anasema dakika mbili zikiisha atahesabu mpaka nne. Atahesabu kwa nini? Kwa fimbo zake, akizigonganisha. Na mtu asiye na fimbo hahesabu. Jumamosi, tukipakua vyombo garini, nitazitia fimbo zote ndani ya koti langu. Nitamkabidhi nikimaliza ukurasa wa kumi na nane. Atanishukuru baadaye, kizazi chake kitakaposoma.

Nimesoma utangulizi mbele ya kioo. Dakika arobaini na moja. Nimeondoa kivumishi kimoja.

Jumamosi, 25 Oktoba

Naandika nikiwa na noti ya dola moja imeshikamana na nywele. Naiacha kama ushahidi.

Mgahawa ulijaa. Akina mama waliketi katikati, rangi ya chungwa tupu. Kando waliketi wateja wa kawaida, wakiwatazama akina mama kuliko menyu. Boniface alikuwa akitabasamu kwa meno yote. Fimbo zilikuwa kifuani pangu. Nikapanda jukwaani, nikakohoa, nikaanza.

Aya ya kwanza ilipokelewa kwa kimya cha heshima. Aya ya pili pia. Mwanzoni mwa ukurasa wa pili nikamsikia Kipngetich nyuma yangu akitafuta. Alitafuta kwenye begi, chini ya kiti, mfukoni mwa Wayne. Kisha akaacha kutafuta. Niligeuka kidogo nikaona macho yake yako kwenye koti langu, palipotuna.

Aliikunja mikono ya shati, akaanza kupiga dramu kwa viganja.

Kwa viganja! Sikuwa nimefikiria viganja. Ngoma ya namna ile haina masihara: nzito, ya chini, inaingia kwa nyayo. Niliongeza sauti. Nilikuwa nasema kwamba mdundo ni hoja na kinanda ni pingamizi, na kila nikivuta pumzi kiganja kinajibu. Watu wakadhani ndivyo tulivyopanga! Mteja mmoja akatikisa kichwa kwa kuridhika. Leokadia akaingia na sauti moja ndefu, ya chini, akaikalia.

Hapo ndipo kikasikika kigelegele. Nilikitambua. Nimeishi nacho nyumba moja.

Mama mdogo Flaviana aliinuka. Akatoka akicheza polepole, bega moja, bega la pili, mstari mzima nyuma yake, Mumbi akiongoza kwa mkono kama askari wa barabarani. Nikasoma kwa kasi. Akafika. Akanibandika noti kwenye paji la uso. Ikateleza juu ya miwani. Nikasoma kwa jicho moja. Akafuata wa pili, akaziba la pili. Nikawa natamka yale niliyoyakumbuka. Wa tatu alizichukua karatasi zangu mkononi, kwa upole, kama unavyompokea mgeni mzigo, akajipepea nazo.

Wakanipita. Wakamwendea Leokadia, aliyekuwa katikati ya zamu yake, macho yamefungwa. Nikasubiri aache kupuliza, akasirike, aitetee sanaa. Hakuacha. Akabandikwa noti, na saksafoni ikainama kufuata nyayo za yule mama. Alipokuja mwenye mwendo mfupi, muziki ukafupika. Alipokuja mnene mwenye madaha, ukanyooka na kuzunguka naye.

Na Wayne! Wayne alikuwa amesimama na kipaza sauti na mistari yake ya Kiingereza. Akaanza kuirapu. Akina mama wakawa wanafika mbele yake mmoja mmoja, na yeye, bila kupoteza mdundo, akaacha mistari akaanza kuwataja. Mama Queen, wa zamu za usiku. Flaviana, mwenye pilau lisilokwisha. Kwa Kiswahili! Akiwatania, akiwapamba, kila jina na vina vyake. Mama yake alikuwa wa mwisho. Wayne akasita pigo moja. "Na huyu ni Mumbi," akasema. "Huyu ndiye aliyenifundisha kuongea, nikamnyima maneno."

Mumbi akasimama pale na dola yake mkononi, akasahau kuitoa. Kamati ya usalama ikavunjika. Msongamano ukatokea. Alinizuia kuona, na niliwahi kumwonya kuhusu moto.

Mteja mmoja, mzawa wa mji huu, akanipigia kelele sikioni kwamba hapa mjini muziki wao tangu zamani huita watu kwa majina, na kwamba alidhani sisi ni bendi ya jazi. Mwenzake akasema hapana, ni hip-hop. Wakabishana. Nikataka kuwaamulia, ndiyo kazi yangu, lakini wote wawili wakaondoka kwenda kucheza.

Muziki ulikwenda hadi Boniface akasahau kutuondoa. Ule mpaka haukuonekana popote. Nadharia yangu ilithibitishwa yote, nukta kwa nukta, na watu ambao hawajaisoma. Sijawahi kudhalilishwa hivi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Kikao. Ukumbi uleule wa Landover.

Habari njema: Boniface ametupa nafasi ya kila mwezi. Sharti lake ni kwamba akina mama waje. Wote, na tausi wao.

Habari nyingine: sasa jukwaa limejaa. Kipngetich alinyoosha mkono, nikamrudishia fimbo. Alizitazama, akaziweka begini, akasema ataendelea na viganja. Wayne alieleza kwamba hana kinyongo. Alieleza kwa Kiswahili. Kina makosa matatu ya upatanisho wa ngeli, ambayo nilimwonyesha.

Leokadia ndiye aliyetamka. "Kaka Laurean, kusoma basi. Ukitaka kupanda jukwaani, panda na akina mama."

Nilinyanyuka. Nilisema kwamba mtu mwenye shahada hapangwi foleni na kuvalishwa ndege. Nilisema mengine pia. Niliondoka nikiwa nimeinua kichwa, nikarudi kuchukua koti, nikaondoka tena.

Jioni mama mdogo alinikuta chumbani nikiandika barua ya kujiuzulu. Alinipima mabega kwa utepe, akasema kitenge kilichobaki kinatosha shati, na kwamba katika mstari nitakuwa wa nne, nyuma ya Mumbi.

Nimekubali. Kama utafiti tu.

Kwa sababu nimeuchunguza ule mstari. Unapita mbele ya kipaza sauti, kwa karibu sana, na kila anayefika husimama hapo kidogo akicheza. Mtu mwenye pumzi nzuri anaweza kusimama zaidi ya kidogo. Nimeupanua utangulizi, ili ujibu yaliyotokea Jumamosi. Una kurasa ishirini na sita.

Nimempigia fundi kumwomba anishonee mfuko wa ndani. Ameuliza wa ukubwa gani.