Utando Wangu Unakwenda Ulaya

Jumatatu, 4 Oktoba 1999

Faksi kutoka kwa Liliane, binti wa marehemu kaka yangu, anayesomea udaktari wa fizikia huko Ulaya. Amepewa siku tatu kwenye mashine ya eksirei kubwa kama uwanja wa mpira. Anapima plastiki zinazopitisha umeme. Nafasi moja imebaki! Nikimpelekea utando mwembamba, ukafika salama, ataupima na jina langu litaingia kwenye ripoti. Sibomana, mwalimu wa kemia, Gisenyi! Kosa langu: niliisoma faksi kwa sauti katika chumba cha walimu. Nkusi wa fizikia, aliyerudi kutoka Uganda na Kiingereza chake chote, akasema naye atapeleka wake. Nani kamwalika?

Jumanne, 5 Oktoba

Nimepika. Anilini, kemikali ya kutengenezea rangi, ya zamani ya stoo ya shule, asidi kidogo, na ule unga wa saluni wa kugeuza nywele ziwe za dhahabu. Nikatumbukiza kipande cha plastiki, kikatoka na utando wa kijani unaopitisha umeme, mwembamba ajabu. Nilicheka peke yangu. Liliane anaeleza kwamba utando humeza miale mingi au michache kufuatana na jinsi molekuli zilivyokaa. Ukiugeuza kidogo kidogo huku unapima, unajua kama zimelala au zimesimama. Basi wangu nimeukausha wima, umeegemea ukuta. Zisimame! Nkusi wake ameulaza mezani. Mvivu na molekuli zake.

Alhamisi, 7 Oktoba

Illuminée, rafiki wa Liliane, yuko likizo kwao Nyamyumba. Kesho anarudi Ulaya, jioni hii anapita kuchukua mizigo. Sasa, hapa mpakani kitu cha maana hakisafiri bila kutiwa plastiki. Kitambulisho, cheti cha ubatizo, kibali cha kuvuka, vyote. Nikaenda kwa Rayhana, mwenye kile kimashine cha moto cha kufungia karatasi ndani ya plastiki, karibu na Grande Barrière, lango kuu la mpaka. Akaugeuzageuza utando wangu.

“Mwalimu, hii haina hata photo. Polisi atajua namna gani iko ya nani?”

Nikamwambia si ya polisi.

“Bon, mi naifunga. Lakini wakikukamata, usitaje jina yangu.”

Umetoka unang'aa! Hata mvua haiuwezi.

Nkusi alikuwa na kipindi, akanipa kikopo chake nimkabidhi Illuminée. Ndani, utando mtupu, hauna hata kifuniko. Rayhana akauliza kama na huo aufunge. Nikajibu hapana, mwenyewe anaupenda hivyo hivyo. Uchubuke njiani! Niliona aibu kama dakika moja, kisha Illuminée akafika, nikampa vyote viwili kwa tabasamu.

Jumatatu, 25 Oktoba

Faksi. Afadhali isingekuja. Liliane anaandika kwamba miale ile ni laini, haipenyi plastiki, inasoma ngozi ya juu tu. Alipojaribu kubandua kifuniko, utando wangu wote uling'oka nacho. Nafasi ilikuwa yangu, anasema, alikuwa ameandika jina langu tayari, na alilifuta huku analia. Akapima wa Nkusi. Ulifika salama. Molekuli zake zimelala vizuri, zote upande mmoja. Jina la Nkusi liko kwenye ripoti! Walimu wamempigia makofi, nami nikapiga, polepole. Akanishukuru mbele ya wote kwa kumfikishia kikopo. Imeniuma. Lakini kilichoniuma kuliko yote ni yule mtoto kulia kwa ajili yangu.

Jumatano, 27 Oktoba

Faksi nyingine! Mungu ni mkubwa. Liliane amepata siku moja zaidi mwezi wa Desemba, na amemwambia profesa wake kwamba wa kwanza kupimwa ni baba yake mdogo. Lakini ni mara ya mwisho. Sharti: utando uje mtupu, bila plastiki kabisa. Nimeelewa. Si mimi wa kuambiwa mara mbili. Rayhana hatauona hata kwa mbali. Nimepika mwingine usiku kucha, kijani kimekolea kuliko kile cha Nkusi. Tatizo moja dogo: ulikauka ukawa mkavu kabisa, na kule Desemba ni baridi. Siwezi kupeleka kitu changu ugenini kimepauka, watu wakasema hakina mwenyewe. Nimechukua mafuta ya kujipaka ya mke wangu, nikaupaka. Kidogo tu.