Wadowezi wa Jukwaa la Mtaa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimegundua udowezi wa mchana kweupe! Mashine yangu ya fotokopi ilikuwa imemeza cheti cha mteja. Wakati nakivuta kwa koleo, nikatupia jicho takwimu za Jukwaa la Mtaa, lile la mtandaoni ninalolisimamia. Wanachama waliojiandikisha: mia mbili na kumi na wawili. Wasomaji wasiojiandikisha, kwa wiki moja: elfu moja na mia tisa. Wanaingia, wanasoma maji yatakatika lini, nani kaokota funguo, chumba gani ki wazi. Kisha wanajiondokea. Hata salamu hakuna.

Jumamosi tunachagua msimamizi mkuu. Wagombea ni mimi na Bi Famasia, mwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara. Yeye anapendwa kwa sababu anajibu maswali ya watu. Mimi nina mikakati. Nikiufunga mlango, wadowezi wote watalazimika kujiandikisha. Watanikuta mlangoni, watanizoea, watanipigia kura. Hesabu haidanganyi.

(Cheti kimetoka. Vipande vinne. Mteja hana shukrani.)

Jumanne, 4 Machi

Nimefunga! Asubuhi, saa mbili na robo, kwa kidole kimoja. Asiye mwanachama akifungua Jukwaa anakuta maneno niliyotunga mwenyewe: "Bisha hodi kwanza." Chini yake kuna fomu: jina, picha, na insha ya maneno hamsini kueleza kwa nini anataka kusoma. Maombi yote yanakuja kwangu.

Saa tatu Bi Famasia akavuka barabara na koti lake jeupe. Akaniuliza kama naumwa. Akasema taa ya barabarani haimuulizi mpita njia jina lake. Nikamjibu kwamba kitu cha bure hakina heshima. Akataka kujua mimi nilitoa nini nilipoanza kulisoma Jukwaa. Nikasema mashine inaniita. Ilikuwa imezimwa, lakini sidhani kama aliona.

Mke wangu amenikumbusha kwamba Alhamisi ana zamu hospitalini, kwa hiyo baba mkwe atashinda nami dukani. Mzee alikuwa fundi bomba hodari. Siku hizi kumbukumbu zinamtoroka. Anakumbuka kila bomba alilofunga tangu ujana wake, ila mlango wetu humpotea. Mke wangu amenisihi nisimwondolee macho. Nimemwambia aondoe shaka. Mtu anayelinda mtaa mzima atashindwaje na mzee mmoja?

Jumatano, 5 Machi

Maombi yameanza kumiminika. Saba. Nilitarajia elfu moja na mia tisa, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Mmoja kaandika, "Natafuta paka." Maneno mawili! Nimemkataa. Mwingine amejiita Mwoka Mikate. Picha: mkate. Sababu: "Huwa nasoma tu." Hakuna mtu duniani anayesoma tu. Halafu nikakumbuka kwamba Bi Famasia hununua mkate kila asubuhi. Jasusi! Nimemkataa haraka, na nimefurahi sana.

Alhamisi, 6 Machi, saa tano asubuhi

Baba mkwe yuko kwenye kigoda karibu na mlango, na kofia yake ya kijani. Ametulia. Naandika hotuba ya ushindi. Nimefika mahali pa kuwasamehe wapinzani.

Alhamisi, saa sita kasoro

Kigoda ni kitupu.

Alhamisi, saa saba

Hali naimudu. Nimeweka tangazo Jukwaani, lenye picha ya mzee na namba yangu. Tangazo zuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Limesomwa na watu tisa. Wawili wameuliza kama maji yamekatika.

Nimezunguka sokoni, msikitini, kanisani, kwa kinyozi. Hayupo. Mke wangu akapiga simu kumuulizia baba yake. Nikasema yupo karibu. Akauliza karibu na nini. Nikasema mtandao unasumbua.

Na katikati ya msiba huu, Mwoka Mikate analeta maombi tena! Safari hii kaleta insha. Kompyuta imehesabu maneno arobaini na moja. Sikuisoma. Sheria ni sheria.

Alhamisi, jioni



Saa nane mke wangu akafika dukani na sare ya kazini. Hakunifokea, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alikitazama kigoda, kisha akaketi juu yake, akashika kichwa. Bi Famasia akaja mbio. Akauliza tangazo lipo wapi. Nikasema lipo Jukwaani, ndani. Yeye pia ni msimamizi, hivyo akatoa simu yake na kufungua mlango wangu. Kidole kimoja.

Hazikupita dakika tatu, simu yangu ikalia. Ni mwoka mikate. Mwoka mikate wa kweli!

Tulikimbia hadi barabara ya juu. Baba mkwe alikuwa amepiga magoti chini ya sinki la duka la mikate, unga hadi kwenye nyusi, spana mkononi. Alipomwona mke wangu akamwita kwa jina lake la utotoni.

"Nilijua utakuja, mama," akamwambia. "Lilikuwa linavuja. Sasa limepona."

Mke wangu alimkumbatia hivyo hivyo na unga wake, akalia. Mimi pia nikajifuta macho. Vumbi la unga, nadhani.

Ndipo mwoka mikate akatuonyesha insha yake. Mke wangu akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya wateja:

"Nina mzee hapa kwangu, barabara ya juu. Amevaa kofia ya kijani. Hakumbuki anakaa wapi. Nilitaka kuangalia kama kuna tangazo lake, lakini mlango umefungwa. Amekula mkate, amekunywa chai, sasa anatengeneza bomba langu. Tafadhali mtu wake aje kabla hajafungua na bomba la jirani."

Nikaeleza kwamba yalipungua maneno tisa. Mke wangu akamshika baba yake mkono, wakaondoka.

Jumamosi, 8 Machi

Uchaguzi. Bi Famasia: kura mia moja tisini na nne. Mimi: mbili. Moja ni yangu. Nikamshukuru mke wangu kwa ile ya pili. Akasema si yake. Jukwaa litabaki wazi kwa kila msomaji, ajiandikishe asijiandikishe.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala nikiliwaza jambo hili, na nimeamka na nuru. Bila fomu yangu, mwoka mikate asingeandika lolote. Kumbe mlango ulifanya kazi! Kosa lilikuwa hesabu ya maneno. Arobaini yangetosha.

Mtandao nawaachia. Ila leo nimeona kwamba pale chini ya ngazi za jengo letu kuna ubao wa matangazo ukutani. Watu wanapita wanausoma bure, wengine bila hata kusimama! Pazia zito, kamba moja, kiti changu kando.

Mke wangu amenikuta na futi mkononi. Akauliza napima nini.

Nimemwambia: heshima. Sentimita mia na ishirini kwa tisini.